Kura za Kwenye Mapipa ya Al Warqa

Herbert alikuwa mlinzi wa hoteli kule Al Mankhool, Dubai, na katika chumba chetu cha Al Baraha alikuwa mwanasiasa. Kwao Masaka, Uganda, aliwahi kugombea udiwani akaanguka. Mwenyewe alisema aliibiwa kura. Sisi tulisema basi mwizi huyo aliwapenda wananchi.

Aliyemharibu kabisa ni meneja wake wa zamu, Mkanada. Alimsimulia habari za premia wa jimbo lao, yaani waziri mkuu wa jimbo, ambaye hakupigiwa kura na wananchi. Mkubwa wake alijiuzulu, mkutano wa chama ukamteua yeye, kesho yake ana ofisi na dereva. Herbert alirudi macho yanawaka.

"Kumbe si lazima upendwe na wote," alisema. "Upendwe na wale waliofika mkutanoni, khalas, imeisha."

Tukamwita Premia, naye akaitika.

Mwaka ule, 2007, chama chetu cha Waganda na Wakenya kilikuwa kinatafuta mwenyekiti. Mpinzani wake alikuwa Eseza, hausigeli wa Al Warqa, dada aliyempokea Herbert alipofika Dubai na kumtafutia hata hiyo kazi ya ulinzi. Eseza alikuwa na neno moja tu. Lillian, msichana wa kazi wa nyumba ya jirani, mama yake alikuwa mahututi Masaka, na madam wake amemfungia pasipoti kabatini. Eseza akishinda, safari ya kwanza ya chama ni ubalozini, kuidai pasipoti hiyo.

Wadada wa Al Warqa walikuwa wengi kuliko sisi walinzi, na ruhusa yao ilikuwa Ijumaa jioni. Herbert, akiwa bado katibu, akahamisha mkutano hadi Ijumaa mchana, saa ambayo kila nyumba kule ukoo mzima umekuja kula na hakuna hausigeli anayeuona mlango. Eti ukumbi haupatikani jioni. Walinzi wakajaa, Premia akapita kwa kishindo.

Kazi yake ya kwanza ikawa mashindano ya mpira. Suala la Lillian, inshallah, baada ya fainali.

Kabla ya fainali mama yake Lillian akazikwa. Lillian aliambiwa kwa simu akiwa anapiga pasi kandora, zile kanzu nyeupe za arbab, bosi wake. Akakata simu, akamalizia kandora zilizobaki.

Nadhani ni hizo kandora zilizomshinda Herbert. Msiba wenyewe angeweza kumsukumia Mungu.

"Premia, ugali unapoa," nilimwambia.

"Usiniite hivyo."

"Jina ulilitafuta mwenyewe, mzee. Kula."

Hakula. Zamu iliyofuata akamuuliza meneja, yule premia wa kwao aliishia wapi. Akaambiwa aliitisha uchaguzi mapema, wananchi wakamwangusha.

"Nani alimlazimisha?"

"Hakuna. Nadhani alichoka kutazamwa."

Herbert akatangaza uchaguzi upya, na kwa kuwa wapo wapigakura wasiopewa ruhusa hata hiyo Ijumaa jioni, akaamua kura ziwafuate. Hausigeli wa Al Warqa ana dakika zake chache jioni, anapopeleka taka barabarani. Basi mwenyekiti wetu, na shati lake la kazini, akasimama kando ya pipa ameshika kopo la biskuti lililotobolewa juu. Mimi nilishika kalamu na kuziba pua.

Eseza alitoka na mifuko miwili.

"Herbert, siasa zako sasa zimefika zinakostahili."

"Nimeleta kura, dada."

"Wewe utampa nani?"

"Wewe."

"Hiyo haifuti kitu." Akaandika, akatumbukiza. "Anayekudai ni yule pale."

Lillian alikuwa anakuja taratibu, anaburuta mfuko. Herbert akamnyooshea karatasi. Hakuipokea.

"Ya nini sasa, kaka? Mama yangu wameshamfukia."

Herbert akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati.

"Nifunulie pipa," Lillian akasema.

Akafunua. Lillian akatupa, akarudi ndani. Ilibidi nimwambie Herbert ashushe kifuniko.

Eseza alishinda. Kwa kuwa hakupata ruhusa ya kutoka siku ambazo ubalozi uko wazi, amri yake ya kwanza ilikuwa kumtuma Herbert ubalozini. Alienda, akarudishwa, akaenda tena, akapoteza siku za kazi, mpaka madam akaitoa pasipoti. Ndiye aliyembebea Lillian sanduku hadi uwanja wa ndege. Kwenye foleni Lillian alilipokea sanduku, akasema asante kama anavyoambiwa mpagazi, na Herbert akasema asante naye.