Fundi wa Makochi na Chumba cha Shemeji Yake

Fundi huyu wa makochi mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Kochi alilolishona yeye halikulegea. Hilo alilijua, na alihakikisha kila mtu analijua.

Mdogo wake wa kike alipofariki, alimwachia mumewe kanda moja aliyojirekodi akiwa anaumwa, anaongea na kuimba kidogo. Shemeji mtu alipostaafu ukarani akanunua spika kubwa za mtumba, akatenga chumba kizima cha kumsikilizia mkewe. Tatizo chumba kilikuwa kitupu, sakafu vigae, kuta plasta. Ukipiga kofi, kofi linakujibu. Maneno ya marehemu yakawa yanapandana, hayashikiki. Fundi redio akamshauri atundike ukutani fremu za mbao zilizoshindiliwa pamba, zivishwe kitambaa chepesi ambacho hata pumzi inapita. Sauti iingie humo ikae, isirudi.

Shemeji akayapeleka maneno hayo kwa Mama Sindano, polepole, kwa adabu. Hakuachwa amalize. Kitambaa chepesi ni cha kuchujia uji, aliambiwa, na huyo fundi redio ashike redio zake. Mama Sindano akazivisha fremu zote ngozi ya plastiki ya hudhurungi, ile ya makochi ya wakubwa, akaivuta hata ukiigonga inalia. Zilipendeza, usiseme.

Jumapili ndugu wakaalikwa. Mama Sindano akakaa mbele kabisa, kidevu juu. Kanda ikaanza. Sauti ikatoka kwenye spika, ikagonga ngozi, ikarudi, maneno yakapandana vilevile. Ndugu wakatazama vidole vya miguu yao. Shemeji akasema kazi nzuri, ahsante sana, chumba kimependeza. Lakini binti wa marehemu hakujua kuficha. Akainuka, akaenda ukutani.

"Mama mkubwa, hebu weka mdomo hapa upulize."

Mama Sindano akasogea, akapuliza. Pumzi yake yote ikamrudia usoni, ya moto. Palepale akajua. Lakini kukubali mbele ya wakwe na watoto? Heri ang'olewe jino.

"Ngozi haina kosa," alisema. "Huyo mdogo wangu sauti yake ilikuwa ya kukwaruza tangu utotoni."

Binti akatoka nje. Shemeji akazima kanda taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Sindano alitembea anatazama chini, watu wakimsalimia haitikii. Kumsingizia aliye hai ni jambo moja, atakujibu, mtagombana, mtapatana. Yule hakuwa na mdomo wa kujitetea. Na ndiye aliyekuwa akimwimbia wakati anajifunza kushona, vidole vimejaa matobo, machozi yanamtoka.

Asubuhi akarudi na koleo na jora la kitambaa cha gunia. Maneno ya kuomba radhi alikuwa ameyapanga vizuri kichwani, ila mlango ulipofunguliwa ulimi ukagoma. Akapita moja kwa moja ukutani, akaanza kung'oa pini. Ngozi ikaanguka vipandevipande, haifai tena hata kwa kigoda. Kila kipande cha gunia alikipuliza kwanza kabla hajakiwamba, na shemeji yake alimwona, naye alijua kuwa anaonwa.

"Weka kanda," alisema alipomaliza, bila kugeuka.

Sauti ikaja karibu, kama mtu aliyekaa kiti cha pembeni. Marehemu alikuwa anamweleza mumewe shuka za wageni amezitia wapi, akacheka, akaanza kuimba. Mkwaruzo hata chembe.

Uso wa Mama Sindano ukawaka.

"Sauti yake ilikuwa safi. Mimi ndiye mwongo, shemeji. Na binti yako nitamwambia mwenyewe, usinisemee."

Shemeji akamsogezea kiti.

"Kaa. Bado hajamaliza."

Hakuweza kukaa. Aliusikiliza wimbo wote amesimama, ameuelekea ukuta, koleo mkononi.