Mlango wa Longonot

Nilitoka nyumbani Rhonda kwenda Longonot kutafuta sauti ya mama yangu. Mama alikuwa mtangazaji katika redio ndogo ya mtaa wetu. Asubuhi alisoma salamu na matangazo ya vifo, na Jumamosi aliwasimulia watoto hadithi. Redio ilipofungwa, mwenye redio alibeba kila kitu hadi stoo yake Longonot, pamoja na kompyuta zenye hadithi za mama, na simu zetu akaacha kushika. Haukupita muda mama akafa. Sisi nyumbani hatukuwa tumemrekodi hata mara moja. Nani humrekodi mamake akisonga ugali, na yuko redioni kila siku?

Kwa mazishi alikuja Mheshimiwa mmoja, mbunge wa upinzani. Chama chake kilimfanya msemaji wa utamaduni na vyombo vya habari, yaani serikali ikikosea kwa mambo ya redio, TV ama mila, yeye ndiye husimama kuikosoa. Hakumjua mama. Lakini kwetu mazishi hayakosi mheshimiwa, na mheshimiwa hakosi maikrofoni. Akasema sauti ya mama ni urithi wa wananchi, na yeye mwenyewe ataitoa Longonot. Tukampigia makofi, jeneza likiwa hapo mbele yetu.

Binti yangu Nafula alikuwa bado ananyonya. Sasa anaongea, na kila akiona picha ya kukhu, yaani nyanya yake, ukutani anauliza kama huyo pia anajua kuongea. Nikachoka kungoja.

Asubuhi, nikiwa na Nafula mgongoni, nilipata lifti kwa jirani yetu Baba Otieno, anayepeleka magodoro kwa pikapu hadi Gilgil, ambako Mheshimiwa ana ofisi. Aliniuliza naenda kumwona mheshimiwa kama nani. Nikamwambia kama mtu aliyeahidiwa. Akacheka mpaka akapunguza mwendo. Alisema basi foleni yangu inaanzia Mombasa.

Gilgil nilimkuta Mheshimiwa kwa ofisi yake juu ya duka la dawa. Sitamsingizia, alinipokea vizuri. Aliyakumbuka mazishi ya mama, akaniagizia chai, akamwagizia Nafula mandazi. Halafu akatoa simu akanionyesha video. Yeye huyo Longonot, amesimama mbele ya mlango wa bluu wenye kufuli kubwa, anaunguruma: serikali imeacha sauti za wanyonge zifungiwe stoo. Alisema maneno hayo hayo ameyapeleka bungeni pia, na yameandikwa. Nilisikia jina la mama kwa hiyo video na machozi yakanitoka. Nilimshukuru. Nilimshukuru mara mbili.

Nilipomwambia naenda huko mwenyewe, alisema niende na Mungu.

Longonot nilifika jua likiwa kali, upepo unavuruga vumbi na mlima umekaa pale juu kama haujali. Mlango wa bluu niliujua nikiwa mbali. Ulikuwa wazi. Ndani hakukuwa na kitu, alama za maboksi tu sakafuni.

Mama anayetunza hiyo ploti, Mama Chebet, alitoka akipangusa mikono kwa leso. Nilipomweleza mimi ni nani, alivuta stuli akaniketisha kwanza. Hapo nikajua ni mbaya.

"Vitu vilikuwa hapa," alisema. "Nilikuwa navipangusa hata. Siku ya yule mheshimiwa nilivaa kitambaa kipya nikijua leo nitaonekana kwa TV. Nikasimama hapo na ufunguo mkononi, nangoja waseme fungua."

"Na wakasemaje?"

"Kijana wa kamera akaniambia, mathe songa kidogo, uko kwa picha. Nikasonga. Wakapiga picha kufuli, wakaenda."

Mwenye redio aliona mlango wake kwa habari, akaogopa kesi. Hata wiki haikuisha, akaleta lori. Vyuma viliuzwa kwa wa skrapu. Zile kompyuta aliziponda na nyundo yeye mwenyewe, hapo uani, Mama Chebet akitazama. Nilimuuliza kwa nini hakunifichia hata moja. Akaniambia, "Mama, ningejuaje ni ya mtu? Hakuna aliyeniambia kuna mtu ndani."

Nafula alikuwa anachezea kuku. Nililia bila sauti ili asigeuke.

Jioni nilirudi Gilgil. Mheshimiwa alikuwa hotelini na wageni wake, nyama mezani. Sikuketi.

"Mheshimiwa, siku ile uliomba ufunguo?"

"Ufunguo gani?"

Nikamwambia yote. Alinawa mikono polepole, na nadhani aliumia, sitamnyima hilo.

"Mama Nafula, mimi ni upinzani," akasema. "Kazi yangu ni kusema. Kufungua milango ni ya wenye serikali." Kisha akamgeukia kijana wake. "Lakini hii ni nzito. Leta kamera. Mama, hebu rudia vile umesema, ukianzia kwa nyundo."

Nilimwambia kwamba mama yangu alirekodiwa maisha yake yote na tumeona rekodi zilikoishia. Nikambeba mtoto wangu nikatoka. Nyuma yangu nilisikia mtu akisema wamama wa Rhonda wana kichwa ngumu.

Nimerudi nyumbani, na kama kuna mwenzangu aliyeahidiwa mazishini, nimwambie nilichojifunza: msemaji husema. Hata akisema vizuri, hata akisema ukweli, akimaliza kusema amemaliza kazi. Wewe nenda mapema, utafute mwenye ufunguo.

Nafula bado anauliza kukhu alikuwa anaongea aje. Najaribu kumwonyesha. Nashusha sauti, naenda polepole kama mama, naanza, "Watoto wangu, mmeamkaje huko mliko?" Maneno ni yake. Lakini sauti inayotoka ni yangu, imejaa hasira, na mama hakuwahi kuongea na mtoto hivyo.