Swichi ya Baba

Baba hakuzoea kuomba kitu kwa mtu. Kiharusi kilipomlaza pale nyumbani Uyole, kilimwachia mkono wa kushoto tu, tena unaotetemeka, na ulimi usiotoa neno. Kitanda tulikihamishia sebuleni, mbele ya televisheni. Vitufe vya rimoti vilimshinda. Mama akiweka kwaya naye anataka taarifa ya habari, alilia kwa hasira, na mimi nilishindwa kumtazama.

Mimi ni fundi wa televisheni Iringa mjini. Nilifunga kibanda nikaenda nyumbani na laptopu na mikrokontrola, kichipu unachokiandikia programu kikafanya unachotaka. Kila kitufe cha rimoti hutuma mipigo yake ya mwanga usioonekana kwa macho. Niliisoma mipigo ile, nikaiandika kwenye programu, nikaunga taa ya infraredi inayotuma mwanga huo na swichi pana ya kengele ya mlangoni: ukibonyeza inawasha au kuzima, ukishikilia inabadili stesheni. Nikavifunga vyote kwenye ubao wa kitanda.

Baba akabonyeza, televisheni ikawaka. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Akazima, akawasha, akazima, mpaka mama akamgombeza. Nilirudi Iringa kichwa kimevimba.

Mwezi uliofuata nilikuta swichi imeshika vumbi.

“Hakabonyezi tena hako kadude, mwanangu,” mama aliniambia. “Alibonyeza weee, kakagoma. Akaanza kuupigapiga ule mkono kitandani, kama anaugombeza.”

“Mbona hukunipigia simu?”

“Nikusumbue kwa ajili ya televisheni? Nimeshughulika na wageni.”

Wageni walikuwa wanajumuiya, waliokuja kumwombea baba. Kwa heshima yao mama alikuwa amepamba sebule: vitambaa vilivyodariziwa kila mahali, na mbele ya televisheni chombo cha maua ya plastiki. Chombo kilisimama sawasawa mbele ya kijicho kinachopokea mwanga wa rimoti. Nilitamani kukipasua.

Nikakiondoa, nikabonyeza mwenyewe. Televisheni ikawaka.

“Baba, mkono wako hauna shida. Ni haya maua tu. Jaribu.”

Alinitazama mimi, si televisheni. Nikaushika mkono wake kuupeleka kwenye swichi, akauvuta, akauficha ndani ya blanketi. Nilimbembeleza mpaka sauti ikanikauka.

Jioni mama alileta uji. Mwezi uliopita baba alininyang'anya kijiko nilipotaka kumlisha. Safari hii alifumba macho, akafungua mdomo, akasubiri.