Vitu Tusivyoviita Chakula

Katika nyumba yetu ya Bondeni, Nakuru, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kula kulikuwa na maana moja. Mtu alikula alipokalishwa mbele ya ugali, au mbele ya mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, akanawa mikono kabla na baada. Mengine hayakuhesabiwa: kiazi kilichochomwa majivuni, hindi lililonunuliwa kwa akina mama njiani, kipande cha muwa, kikombe cha uji wa wimbi uliochachuka, chai ya saa nne. Aliyetumia hayo yote tangu asubuhi angeweza kusema mchana kwamba hajala, na asingekuwa anasema uongo. Wazee wangu walisema hivyo. Mke wangu, mzaliwa wa Kuresoi, alisema hivyo. Nami, mwalimu niliyezoea kupima maana za maneno, sikuona haja ya kulichunguza hilo.

Kisha kiatu kikanichubua kisigino cha mguu wa kushoto, na jeraha likakataa kupona. Hospitalini walipima mkojo wangu, wakanikuta na ugonjwa wa sukari. Dresa aliyenifunga kidonda, mtu wa makamo asiye na haraka, alinieleza bila kuficha: kidonda kikizidi kupanda, mguu utakatwa. Nile asubuhi, mchana na jioni, kwa kiasi, na katikati nisile kitu. Akaniuliza kama nina mazoea ya kula katikati. Nikamjibu kwamba sina.

Niliporudi kupimwa, mke wangu alinisindikiza. Dresa alitia mkojo katika dawa ya bluu, akaichemsha, na dawa ikageuka rangi ya matofali, dalili kwamba sukari bado ni nyingi.

"Mwalimu, unakula nini katikati?"

"Situmii kitu."

"Mwambie na uji," mke wangu akasema.

"Uji si chakula, mama watoto."

"Mwambie hivyo hivyo. Na viazi."

Dresa aliendelea kupangusa meza. "Na chai ya saa nne?"

"Hiyo ni chai tu."

"Ina sukari?"

"Isipokuwa na sukari si chai."

"Basi, mwalimu, hii chupa haikusoma darasani kwako."

Mke wangu alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa leso. Mimi nilikuwa nimechoka mno kucheka. Nilikuwa nimetembea kutoka Bondeni kwa mguu mmoja na nusu.

Tangu siku hiyo niliviacha vyote, na ndipo nilipoifahamu njaa. Nilikuwa nimeidhani ni jambo la tumbo. Kwangu ilianzia mikononi: vidole vilitafuta kitu cha kushika, nami nikavipa chaki. Ilipanda polepole kabla ya saa nne, ikatulia hapo juu, na nisipoijibu ilishuka yenyewe kabla ya kengele ya mchana, ikiniacha mzito kama mtu aliyeshusha magunia kutwa. Haikuwa na ukali. Ilikuwa na subira, na subira yake ndiyo iliyonichosha.

Katika chumba cha walimu wenzangu walikunywa chai, na vumbi jeupe la ziwani likiingia madirishani.

"Mwalimu, wewe Mprotestanti, Kwaresima imekupataje?" mmoja akauliza.

"Si Kwaresima," mwingine akajibu kwa niaba yangu. "Mkewe amefunga kabati, na ufunguo ameupeleka kanisani."

Nilikaa nao mikono mitupu, kwa sababu kuinuka kulitaka nguvu zaidi kuliko kukaa.

Baada ya wiki kadhaa mama mkwe aliteremka kutoka Kuresoi na gunia la viazi. Kwa desturi yetu mimi naye hatukusemezana. Maneno yalipitia kwa binti yake hata tulipokuwa chumba kimoja. Alasiri hiyo alichoma kiazi jikoni, akakipangusa majivu, akampa binti yake aniletee sahanini. Kilichotoka mkononi mwa mama mkwe hakikataliwi. Nikamwomba mke wangu kiwekwe mezani, nitakila jioni pamoja na ugali.

"Muulize mume wako kama shamba langu limeota sumu," mama mkwe akasema kutoka mlango wa jikoni, akitazama ukuta.

"Mama, ni ule mguu. Wataukata."

"Kiazi kimoja ndicho kitakachoukata?"

"Dresa amesema asile katikati."

"Huyo dresa ana mama mkwe?"

Mke wangu akaiweka sahani mezani. Kiazi kikapoa mezani, nami nikasahihisha madaftari nikiwa nimekabiliana nacho, nikisoma sentensi moja mara nyingi bila kuielewa. Ugali ulipokuja nilikila, kikiwa baridi na kigumu. Mama mkwe, ambaye kwa desturi hakula mahali nilipokula, alikuwa kwa jirani na hakuniona nikikila.

Asubuhi alipanda lori la kurudi juu bila kuaga. Kidonda kilifunga wakati wa mavuno ya mahindi, na mguu haukukatwa. Mwaka ule hatukuletewa tena viazi kutoka Kuresoi, tulinunua sokoni.