Mechi Tuliyoomba Ichezwe Asubuhi

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye mashindano ya shule kule Spånga, na kovu langu la kwenye nyusi likaanza kuniwasha kabla hata filimbi haijalia. Huwa hivyo nikiona nyasi bandia. Wewe uliyekulia Rinkeby enzi zetu utanielewa: mpira wa shule tuliucheza kwa viwiko na magoti. Tulikuwa tukirudi nyumbani tunachechemea, bibi anatukanda kwa maji ya moto na chumvi huku akitugombeza, halafu anatupakulia wali wa nazi. Nayapenda mpaka leo maisha yale, sikufichi.

Mwaka wetu wa mwisho shuleni timu yetu ya wasichana ilikuwa na golikipa wa kuogopwa, binti wa jirani yetu. Alijirusha miguuni mwa watu bila kufumba macho, na washambuliaji wengi waliondoka kwake wakitema damu. Kocha wa klabu moja ya mjini alikuwa amemwahidi: mkifuzu hatua ya mtoano, nitakuja kukuangalia. Golikipa huyo, rafiki yangu wa karibu, hakutaka kitu kingine duniani.

Mechi za mwisho za kundi zilipangwa zichezwe kwa wakati mmoja, mchana, kwenye viwanja viwili jirani. Lakini siku hiyohiyo shangazi yake golikipa alikuwa anaolewa. Basi mama yake akawaendea waandaaji na Kiswidi chake cha kazini, akaomba mechi yetu iletwe asubuhi. Wakakubali. Tulivyoshangilia!

"Yaani wametusikiliza," mama yule alimwambia kila aliyekutana naye kwenye ngazi. "Mara hii wametusikiliza."

Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyefikiria kwamba ile mechi nyingine, iliyobaki mchana, itachezwa na watu wanaoyajua tayari matokeo yetu.

Asubuhi tulishinda, kwa mabao na kwa mateke. Ikawa hivi: timu ya Norsborg na ile ya Spånga wakitoka sare, wanafuzu wote wawili, mmoja akifungwa, nafasi yake ni yetu. Tukaoga, tukavaa magauni ya kwendea harusini, tukapita kwanza uwanjani kuwatazama kabla ya harusi, na hina mikononi na sambusa za bibi kwenye mfuko.

Wale wasichana hawakucheza. Walipasiana mpira katikati kama watu wanaokunja shuka, wanacheka. Refa alikuwa akitazama saa yake. Hasira niliyoisikia siku ile sijaisikia tena, hata siku niliyofukuzwa kazi.

Golikipa wetu akaingia uwanjani na gauni lake la satini, akaudaka mpira, akaukumbatia na kulala nao chini.

"Chezeni!" alipiga kelele. "Chezeni kwanza!"

Wakamjia kwa mateke. Tukaingia sote. Nilimng'ata mtu bega, nikaburutwa kwa nywele, mti wa kibendera cha kona ukanipasua nyusi. Magauni yalichanika, jino la mtu lilikuwa kwenye nyasi. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa akipaza sauti, "Sluta! Sluta!", acheni, acheni, naye anapigwa ngumi. Katikati ya kelele hizo nikasikia vidole vya mkono wa kulia wa rafiki yangu vikivunjika chini ya viatu vya njumu, kwa sababu mpira hakuuachia.

Mama yake alikesha naye hospitalini na mtandio wake wa harusini. Sisi tulifungiwa mashindano. Wale wawili wakafuzu. Kocha wa mjini hakuwa na wa kumwangalia. Na ndoa yenyewe ya shangazi, nikwambie ukweli, haikufika mbali.

Leo uwanja ule umejengwa maghorofa, bibi hayupo, na wenzangu wengine nikikutana nao kwenye treni nahangaika kuwatambua. Lakini Jumamosi golikipa alikuwa ubavuni pangu, akinimiminia chai kwa mkono wa kushoto. Ratiba ilibandikwa ukutani: mechi za mwisho za kila kundi, wakati mmoja, na hakuna ruhusa ya kuzisogeza. Sheria hiyo ililetwa mwaka uliofuata baada ya sisi. Nikamwita binti yangu, nikamwambia aitazame vizuri.

"Men så har det väl alltid varit," alinijibu, yaani si ndivyo ilivyokuwa siku zote, akakimbilia kwa wenzake.

"Ndiyo, mwanangu," golikipa akamwitikia kwa mbali. "Siku zote." Kisha akauingiza mkono wa kulia mfukoni.