Saa Iliyochechemea

Petroli kidogo ndani ya kifuniko cha soda hainuki kama petroli ya stesheni. Harufu yake ni nyembamba, tamu kidogo, na wanaoijua ni wale waliowahi kusimama mbele ya fundi wa saa. Mwaka huu nilikuwa napita nyuma ya soko la Bungoma, nimeshika sukari na sabuni za kumpelekea shangazi yangu, harufu hiyo ikanisimamisha. Niligeuka nikaona mzee ameinama, kioo jichoni, anaosha vigurudumu kwa brashi. Mkono wangu wa kushoto uliinuka wenyewe hadi sikioni. Aliyepita angedhani nina wazimu.

Wacha niwaeleze mkono huo ulikuwa unatafuta nini.

Nilikulia Kitale, karibu na msikiti, katika nyumba ya baba wa baba yangu. Babu alikuwa muadhini. Msimu wa mavuno alishona midomo ya magunia ya mahindi kwa wakulima, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kutafuta unga. Kazi aliyoipenda ilikuwa adhana, na adhana yake ilitoka kwenye saa yake ya mkono, saa ya kutia ufunguo, ambayo uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Bibi ndiye aliyemnunulia, enzi za ujana wao, alipouza mahindi ya shamba lake mwenyewe. Alifariki kabla sijazaliwa, nami nikapewa jina lake, Zaituni. Kwa hiyo Babu aliniita bibi yake, na nikikataa kuosha vyombo alitishia kwenda kwetu kudai arudishiwe mahari.

Msikitini kulikuwa na saa ya ukutani. Babu hakuiamini, kwa sababu ilikula betri. "Saa ya betri ni mgeni asiye na adabu," alikuwa akisema. "Ikitaka kuondoka haikuagi."

Kila asubuhi, akirudi kutoka swala ya alfajiri, aliketi kwenye kizingiti na kutia saa ufunguo, nami nikihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, hadi tisa. Ya kumi ilikuwa yangu. Nilishika kile kifundo cha pembeni kwa vidole viwili, nikazungusha, nikahisi springi ikikaza mle ndani. Halafu Babu aliniwekea saa sikioni nisikie ikikimbia, tikitikitiki, bila kupumzika. Nilikuwa na hakika kwamba bila ile ya kumi yangu, Kitale nzima isingejua saa ya kuswali.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kuishika saa hiyo Babu akitawadha uani. Mkono wangu ulikuwa mwembamba, basi niliipandisha hadi juu ya kiwiko ikakaa kama kikuku. Jioni moja, wiki chache kabla ya Ramadhani, kuku wa jirani aliingia kudonoa mtama tulioanika. Nilirusha mkono kumfukuza. Saa ilichomoka, ikapiga ukingo wa saruji.

Kioo hakikupasuka. Niliiokota haraka, nikaiweka sikioni. Kimya.

Babu alikuja maji yakimdondoka ndevuni. Aliisikiliza, akaitikisa, akaisikiliza tena. Kisha akacheka. "Zaituni alinunua, Zaituni ameangusha," alisema. "Mimi nani niingilie mambo ya watu wawili hao?" Lakini alipokuwa anaenda msikitini nilimchungulia, nikamwona anaiinua sikioni mara mbili njiani.

Fundi wa Kitale aliifungua, akasema kilichovunjika ni kijiti cha chuma, chembamba kama ncha ya sindano, ambacho hubeba lile gurudumu linalochezacheza. Spea za saa ile zilikuwa zimekwisha zamani. Dawa yake ilikuwa kupata saa nyingine ya aina ile ile, iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, tutoe kijiti. Babu akaanza kutafuta maiti. Alikwenda Endebess kwa mzee mmoja aliyekuwa nyapara wa shamba. Alikwenda Kimilili siku ya soko. Alituma watu Lwakhakha waulize hadi ng'ambo ya mpaka. Saa zilizokufa zilikuwa tele, ila hakuna hata moja ya ukoo wetu.

Mwishowe fundi alichukua sindano ya kushonea ya mama, akaikata, akaisugua kwa tupa siku mbili nzima. Ramadhani ilikuwa imeshaingia. Saa ikatembea! Babu aliilinganisha na habari za redio za saa saba mchana, akaivaa, akatoka nyumbani kifua mbele.

Siku hiyo mawingu yalitanda kutoka Mlima Elgon hadi juu ya mabati yetu, jua halikuonekana kabisa. Babu alitazama saa yake, akapanda ngazi, akaadhini Magharibi. Watu walipiga bismillahi, wakauma tende. Tende zilikuwa bado vinywani wakati wingu lilipoinuka kidogo kule upande wa mlima, na jua likachungulia chini yake, jekundu, zima, halina haraka yoyote.

Sindano ilikuwa inakimbiza saa.

Imamu alisema kwa upole kwamba siku hiyo tutailipa baada ya Idi. Mtu mmoja akasema, "Muadhini, hiyo saa ina njaa kutushinda sisi," na kicheko kikazuka. Babu alicheka nao. Nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nikamsikia mwingine akiuliza saa imepatwa na nini. Babu akajibu, "Iliniponyoka." Mzee mmoja akasema labda sasa wampe adhana kijana mwenye simu.

Kuanzia kesho yake aliadhini akitazama saa ya ukutani, ile isiyo na adabu. Na mimi chakula kikanishinda. Mama alidhani nina malaria, akanipeleka kupimwa. Hakuna kilichoonekana. Nililia chini ya kitanda, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umekula siku ya Mungu kwa ajili ya mkono wangu, na Babu alikuwa amesema uongo kwa ajili yangu, tena ndani ya Ramadhani.

Baada ya Idi alifunga safari kwenda Bungoma kwa shangazi. Alirudi siku ya pili, akaniita kizingitini, akaniwekea saa sikioni.

Tik. Tik. Tik.

"Imepona," alisema.

Niliitazama. Ule mshale mwembamba, uliokuwa ukizunguka bila kusita, sasa uliruka, ukasimama, ukaruka tena. Nikamuuliza mbona inatembea hivyo.

"Mtu akivunjika mguu, hata akipona si huchechemea? Muhimu ni kwamba anafika."

Nilikubali. Jioni ile nilikula sahani mbili. Saa ilifika kweli, dakika kwa dakika, na yule kijana mwenye simu hakuitwa. Lakini asubuhi, nilipomaliza kuhesabu tisa na kunyoosha vidole vyangu, Babu aliurudisha mkono wake nyuma, taratibu.

"Ni mgonjwa sasa, bibi. Ya kumi niachie mimi."

Hakunipa tena. Si mwezi ule, si mwaka ule, hadi nikawa msichana mkubwa nikaacha kukaa kizingitini. Sikumlaumu. Nilijua amenisamehe karibu yote, kasoro hiyo moja, na niliona ni haki. Kila mwaka baada ya Idi alikwenda Bungoma kumsalimia shangazi, akarudi na vidonge vya simsim vya kunipoza. Alipofariki nilikuwa chuoni. Walinipa saa yake. Siku chache baadaye ikasimama, nami nikaiweka kwenye droo miaka mingi. Kuitia ufunguo, ile ya kumi, bila ruhusa yake niliona haya.

Ndiyo hiyo niliyoirudisha Bungoma wiki iliyofuata, imefungwa kwenye leso, hadi kwa yule mzee wa petroli. Aliitazama, akabandua mfuniko wa nyuma, akaguna.

"Madam, hii betri yake imevuja."

"Haina betri, mzee. Ni ya kutia ufunguo. Babu yangu aliitia kila asubuhi, nikiona."

"Aitie wapi, bana? Hii kifundo inazunguka tu bure. Si ushike uone."

Nikashika. Ilizunguka. Hakukuwa na uzito wowote chini ya vidole, hakuna kilichokaza. Mtoto wa miaka tisa, kama mimi wakati ule, angejua mara moja.

Fundi aliigeuza saa, akaisogeza kwenye mwanga. "Ngoja kwanza. Ni ya ule mzee wa adhana, wa Kitale? Ni mimi nilitoa mashine nikaingiza hii ya betri. Alikuwa anakuja kila mwaka nambadilishia. Siku ile ya kwanza hata alikuwa ameikataa, akasema ati betri si kitu ya kuaminika. Akaenda, akafika hapo kwa kona, akarudi. Akaniambia, weka tu, kuna mtoto kwangu ameacha kula."

Nilikaa kwenye kibao chake. Nilimlilia Babu pale sokoni kuliko nilivyomlilia siku ya mazishi. Asubuhi zote zile, mtu mzima ameketi kizingitini anazungusha kitu kisichozungusha chochote, mara kumi, uso mkavu, ili mjukuu wake ahesabu. Na vidole vyangu alivikwepa kwa sababu vingemjua. Mimi nikachukua huko kuficha kwake nikakuita adhabu, nikakubeba miaka yote hii. Natamani ningemwambia hata mara moja tu kwamba sikuwa na kinyongo. Natamani angenitania.

Fundi aliniacha nimalize. Kisha akatikisa mkebe wake wa saa zilizokufa, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na mashine ya zamani, ile ya Bibi. "Aliniachia nimuwekee. Na una bahati, juzi nimeletewa moja ya aina hii imeoza uso, kijiti yake iko mzima. Nikurudishie ikuwe kama zamani?"

Akakitoa kwa kibano. Kile kijiti Babu alichokitafuta Endebess na Kimilili kilikuwa mbele yangu, juu ya kitambaa, kidogo kuliko punje ya mtama.

"Weka betri," nilimwambia. "Hiyo mashine nifungie niende nayo."

Kwa hiyo nimeivaa. Inachechemea, na inafika. Kila asubuhi naketi mlangoni, nashika kifundo, nahesabu hadi tisa kwa sauti. Ya kumi naizungusha polepole, kwa sababu ni yangu.