Coccinelle ya marehemu baba iligoma kuwaka siku ya kukimbia mutaa wetu wa Murara

Wakuu, hamujambo? Mimi ni mutu wa Goma, Kiswahili chetu mutakisamehe. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuongeza chumvi.

Baba aliniachia Coccinelle ya zamani, ile gari ndogo ya mugongo kama kobe. Milango miwili tu, injini nyuma.

Asubuhi moja mabomu yakaanza kulia upande wa Kibumba. Watu wa kambi za wakimbizi za juu wakawa wanashuka na magodoro kichwani, wengine na mbuzi.

Bibi yangu niliyemuoa, Mama Aline, akasema: "Tusingoje. Twende Minova."

Mama yake alikuwa kwetu, ametoka Butembo kututembelea. Muuza maharagi, mama mukubwa wa mwili, mutu wa kuheshimika.

Nikajaribu gari ikiwa tupu. Ikawaka mara moja! Nikazima, tukapakia watoto na vyombo. Mama mukwe tukamuingiza nyuma kwa kumusukuma, lakini kwa heshima.

Nikageuza ufunguo. Tak. Kimya.

Nikakaza waya, nikakwangua kutu, nikagonga demarere, ile mota ya kuwashia injini, na nyundo. Mama mukwe akashuka kusali rozari. Nikajaribu: vruuum!

"Bikira Maria asifiwe!" Akapanda.

Gari ikakohoa, ikazima.

Mara ya tatu, vilevile. Hapo jasho likanitoka, wakuu. Gari inakufa kila mama mukwe akiketi.

Sasa hayo unayasemaje? Mimi hata kula mbele yake naonaga haya.

Nikasema: "Mama, tafazali muketi mbele, muone njia vizuri."

"Mbele ni pa bibi yako. Sikukuja kuvunja ndoa."

Nikageuza tena. Tak. Bomu lingine likalia, karibu zaidi. Mara harufu ya kuungua, na mama mukwe akaruka ameshika kitenge kwa nyuma.

"Papa Aline! Gari yako inanichoma!"

Tukanyanyua kiti. Kwa wasioijua gari hii, batiri inakaaga hapo chini. Kifuniko chake kilishapotea, kwa hiyo kiti kikilemewa, springi zinagusa vichwa vya batiri. Umeme wote unaishia hapo, demarere inalala njaa.

Mama mukwe akanitazama. "Ulikuwa unajua?"

"Nilianza kuzania, Mama."

"Vita iko njiani, na wewe unaogopa mimi? Sema tu, Mama, uko muzito! Uzito ni matusi?"

Akaomba kisu, akakata bidoni ya njano ya plastiki, ile ya maji, yeye mwenyewe, akatandika kipande juu ya batiri, springi zisiguse tena. Akaketi kwa nguvu, makusudi, ananikazia macho.

Ikawaka.

Njia yote mpaka Sake alikuwa anawapazia sauti waliokuwa kwa miguu: "Huyu mukwe alitaka tufe sababu ya kuniona haya!"

Wenye gari za zamani, kagueni kifuniko cha batiri kabla ya kununua demarere mupya. Na neno la kuokoa watu litoke mapema, hata kama ni kwa mama mukwe.

Nyinyi mungemwambiaje? Andikeni, ila kwa upole. Amekaa hapa kando yangu, anataka nimusomee kila jibu.